Kabla hujanunua kitabu cha gesi, fungua ukurasa wa R134a

Kaskazi ikiingia na joto likapanda, friji za Mombasa huanza kulemewa, na vijana wa ufundi huanza kunipigia simu. Swali ni lile lile: "Mwalimu, ninunue kitabu gani cha kuchajia gesi?" Wanataka niwatajie jina. Mimi nawaambia kwanza wafungue ukurasa mmoja.

Tafuta chati ya presha na joto. Shika safu ya R134a, gesi ya friji ambayo mafundi wengi wameizoea, nenda mpaka nyuzi 0 za selsiasi. Ukikuta takriban psi 28 (psi ni kipimo cha presha), kitabu kinahesabu presha kama geji yako inavyoisoma. Ukikuta 42 na kitu, kimejumlisha na mgandamizo wa hewa yenyewe, ambao hapa kwetu usawa wa bahari ni psi 14.7. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kitabu cha kuogopa ni kile kisichosema kimetumia ipi, na hicho kirudishe kwenye rafu hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Kisha tafuta R600a. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia gesi hiyo, kwa hiyo kitabu kisichokuwa nayo kimeshapitwa. Na isitajwe jina tu; yaelezwe mambo yake, kwa sababu hapa ndipo mafundi wazuri wanapoharibu friji za watu.

Kwa presha ya kawaida ya hewa, R600a huchemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri. R134a huchemka kwenye 26.1 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ina maana kubwa: sehemu ya kugandishia ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, geji ya R600a upande wa kunyonya, yaani pale gesi inaporudi kwenye kompresa (pampu ya friji), inasoma chini ya sifuri, na friji ni nzima kabisa. Fundi aliyelelewa na R134a akiiona sindano imezama hivyo anadhani gesi imepungua. Anaongeza.

Kijana niliyekuwa nikimfundisha alifanya hivyo kwenye friji ya mama mmoja kule Majengo. Kitabu chake kilikuwa cha R134a peke yake, naye akakifuata kwa uaminifu, akajaza mpaka psi 10. Bomba la kurudi kwenye kompresa likavaa barafu, ndani chakula hakipoi. Nilipofika nilisoma kibandiko cha nyuma: R600a, gramu 52. Tuliitoa friji uani, tukaondoa gesi yote, tukavuta vakyumu, yaani tukanyonya hewa yote mabombani, tukapima gramu 52 kwenye mizani. Geji ikazama chini ya sifuri, friji ikapoa. Kijana yule hakuwa mzembe, alikosa kitabu sahihi.

Ndiyo maana nasema kitabu kizuri kinakubali kuwa chini ya kibandiko cha mashine. Kinakufundisha kuchaji kwa gramu, na presha kinaiweka mahali pake, yaani kuhakiki kazi iliyokwisha kupimwa. Kibandiko kwanza, halafu mwongozo wa kiwanda kilichounda mashine, halafu kitabu cha jumla. Kitabu kinachokupa "presha ya friji" moja ya kutumia kila mahali usikiamini.

Soma pia sura ya usalama kabla ya kulipa. R600a ikifika kama asilimia 1.8 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuiwasha. Kitabu kinachokufundisha kuchomelea bomba bila kukwambia kwanza utoe gesi, ufungue milango na upitishe naitrojeni, hicho kitakuunguza. Na kwa wale wanaotia gesi ya mtungi wa jikoni kwenye friji: ile ni mchanganyiko wa propani na butani kwa uwiano usioujua, tena umetiwa harufu. Hakuna chati ya kitabu chochote itakayolingana nayo. Tafadhalini, acheni.

Kwa wenye kazi za AC na vyumba vya baridi, angalia gesi ya R407C. Iwe na safu mbili za joto, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi kadhaa: kwa presha ya kawaida ya hewa huanza kuchemka nyuzi 43.6 chini ya sifuri na kumaliza kwenye 36.6. Safu moja tu ina maana mtunzi amekata njia.

Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi, mifano yake ni ya chumba cha nyuzi 20. Tafuta kinachoeleza herufi za hali ya hewa kwenye friji. N ni ya chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Jiko la Kibokoni mwezi wa Machi, dirisha moja na mkaa unawaka, halimfai N hata gesi ikiwa barabara. Ukilijua hilo utaacha kumlaumu kompresa.

Mimi natembea na vitu viwili: kitabu kimoja cha masomo kinachoeleza kwa nini, kinachokaa nyumbani, na chati ya kampuni iliyotengeneza gesi iliyomo mtungini mwangu, nimeilaminetisha kwa sababu ya jasho. Picha za kurasa zinazorushwa WhatsApp sizitumii. Mara nyingi kichwa cha jedwali kimekatwa, na kipimo kimeondoka nacho.

Shida yetu ya pwani ni chumvi. Baada ya miaka michache kibandiko huliwa, gramu hazisomeki. Hapo soma kibandiko cha kompresa, kitakupa jina la gesi, kisha tafuta mwongozo wa modeli hiyo. Ukikosa vyote viwili, usichaji. Na friji yoyote utakayoigusa leo, hata kama umeitwa kubadilisha taa tu, kipige picha kibandiko chake kingali kinasomeka.