Hajaanguka, hatoi povu: je, ni kifafa?

Mwanangu ana miaka minane, tunaishi Ahero. Akiwa anacheza hushtuka ghafla, akanikimbilia kwa woga, kisha hukodoa macho, hutafuna kinywa kikiwa kitupu na kuvutavuta vifungo vya shati. Dakika moja, amerudi, ukimuuliza hakumbuki. Shuleni wanasema ni wazimu, mama mkwe anasema ni mapepo.

Mama, kwa maelezo hayo ningefikiria kifafa kwanza. Wengi wetu tunakijua kile cha kuanguka na kutupa miguu. Kipo kingine, kinachoanzia sehemu moja tu ya ubongo, mara nyingi ubavuni, usawa wa sikio, panapohusika na hofu na kumbukumbu. Umeme wa ubongo ukivurugika hapo, watu huona tabia, hawaoni ugonjwa. Watoto wengine husikia harufu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, au kitu kikipanda kutoka tumboni.

Nitakitofautishaje na ukaidi?

Kifafa huja bila kuchokozwa, huisha kwa sekunde au dakika chache, na kila mara sura yake ni ileile. Mkaidi hukasirika kwa sababu, hata iwe ndogo kama mandazi. Yuko pia mtoto mwenye kifafa anayeduwaa darasani sekunde kumi hivi, penseli imesimama, kisha anaendelea kuandika. Huyo huchapwa kwa uzembe bure. Mwingine hupiga mayowe usingizini na kurusha miguu, mara kadhaa usiku mmoja.

Hospitali niende na nini?

Video. Mrekodi kwa simu, macho na mikono vionekane, umwite jina ukirekodi. Mimi naithamini kuliko maelezo ya shangazi watatu. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, ila kinaweza kutoka safi na mtoto akawa na kifafa. Eleza pia kama alichelewa kulia alipozaliwa, aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au malaria ilimpanda kichwani. Huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria hiyo ya mwisho isisahaulike. Hospitali nyingine huwahudumia wenye kifafa kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Ukielekezwa huko usidhani wameamua ni kichaa.

Tayari anameza dawa za akili. Niziache?

Usiziache peke yako; rudi na video. Baadhi yake, kama klopromazini, zinaweza kuongeza kifafa, kwa hiyo daktari lazima ajue. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata dawa zinazofaa. Ila huweza kutokea mtoto mmoja akawa na kifafa na shida ya akili pia, na vyote vikatibiwa.

Na maombi?

Ombeni. Lakini asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na asirukishwe dozi hata moja. Akishikwa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, tafuta bodaboda au gari, mwende hospitali.