Kaskazini Haiko Darini

Mwambie mwanafunzi wa darasa la nne anyooshe kidole kaskazini. Wengi watanyoosha juu, kwenye dari. Si uzembe wao: ramani ya Tanzania imetundikwa ukutani miaka yote, na kila kipindi wanaambiwa kaskazini ni juu. Kosa hilo huwafuata hadi kwenye mito. Mtoto hujiuliza Naili inatokaje Ziwa Victoria ikafika Misri, ilhali maji hayapandi. Kumbe ziwa lenyewe liko mita 1,130 na ushei juu ya usawa wa bahari, na safari yote ya Naili ni ya kuteremka.

Kwa hiyo ramani ishushwe. Itandikwe sakafuni, igeuzwe mpaka kaskazini ya karatasi ielekee kaskazini ya kweli, na watoto waizunguke. Lakini kaskazini ya kweli lazima ipatikane kwanza, na hapo walimu wengi hutegemea kauli kwamba jua huchomoza mashariki. Kauli hiyo ni sahihi barabara siku chache tu, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza takriban nyuzi 23 upande wa kaskazini ya mashariki, na mwishoni mwa Desemba kiasi hicho hicho upande wa kusini. Dira nayo hudanganya ikisogezwa karibu na madawati ya chuma au nondo za ukuta.

Fimbo na kivuli havina gharama. Simika fimbo iliyonyooka ya mita 1 mahali tambarare, uhakikishe iko wima kwa timazi (jiwe lililofungwa kwenye uzi linatosha). Saa 4 asubuhi weka kigingi kwenye ncha ya kivuli. Funga kamba chini ya fimbo, ivute hadi kwenye kigingi, kisha kwa urefu huo chora duara chini. Kivuli kitafupika, halafu kitaanza kurefuka tena. Ncha yake ikigusa duara kwa mara ya pili, weka kigingi cha pili. Mstari unaounganisha vigingi hivyo unaelekea mashariki na magharibi, na kigingi cha asubuhi ndicho cha magharibi. Kutoka katikati ya mstari huo hadi kwenye fimbo ni kaskazini-kusini.

Usijaribu kufupisha kazi kwa kupima kivuli saa 6 kamili mchana, ukidhani ndipo jua lilipo kileleni. Saa yetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti Tanzania hata kidogo, na kila nyuzi 1 ni dakika 4. Kwa wastani, jua la Dar es Salaam hufika kilele saa 6:23, la Kigoma saa 7:01. Ndiyo maana Dar es Salaam kigingi cha pili hupatikana mnamo saa 9 kasorobo, wakati mwalimu wa Kigoma akianza saa 4 atasubiri hadi saa 10 na watoto wameshakwenda nyumbani. Yeye aanze saa 5.

Skeli, yaani uwiano wa umbali kwenye ramani na umbali halisi ardhini, ndiyo mahali pagumu zaidi, na kukariri fasili hakusaidii. Watoto wapime darasa lao kwa kamba yenye mafundo kila mita 1. Kamba ya nailoni huvutika, hivyo mafundo yakaguliwe kwa rula kabla ya kila kipindi. Darasa la mita 9 kwa 7, sentimita 1 ikiwakilisha mita 1, linakaa daftarini kwa sentimita 9 kwa 7. Hiyo ni 1:100. Halafu waambie wachore uwanja wote wa shule, tuseme mita 120 kwa 80, kwa skeli ile ile. Waache wahangaike, watagundua wenyewe kwamba wanahitaji karatasi ya sentimita 120. Hapo sentimita 1 iwakilishe mita 10, yaani 1:1,000, na uwanja unaingia kwenye sentimita 12 kwa 8.

Kisha uliza skeli ipi ni kubwa. Wengi watataja 1:1,000 kwa sababu 1,000 ni kubwa kuliko 100. Rudi kwenye sehemu: chungwa likigawiwa watu 100 na jingine watu 1,000, nani anapata kipande kikubwa?

Jina la ramani na fremu havihitaji zaidi ya dakika tano. Ufunguo, yaani orodha ya alama za ramani na maana zake, uwekwe mwisho, baada ya ramani ya topografia (inayoonyesha sura ya nchi) ya 1:50,000, ambako sentimita 2 ni kilomita 1. Watoto wakokotoe shule yao itakuwa na ukubwa gani humo: mita 120 zinakuwa milimita 2.4, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kisima, mwembe na mlingoti wa bendera, vyote walivyovichora kwa jasho, havina pa kukaa. Waulize mchoraji aonyesheje kwamba hapo pana shule, na kila kundi libuni alama yake kabla ya kufunuliwa ile iliyochapwa.