Kabla ya Bweni Jipya: Kupanga Ukuaji wa Kituo cha Kambi na Mafungo

Kituo kikijaa Agosti, kamati huanza kuzungumzia mawe na mabati. Vikundi viwili vimeambiwa hakuna nafasi, watoto 20 wamelala ukumbini, basi dawa ni bweni lingine. Huenda isiwe dawa hata kidogo. Kituo chaweza kufurika wiki saba na bado kikawa kitupu karibu mwaka mzima, na bweni jipya likaongeza tu utupu huo.

Anza na kitabu cha wageni cha mwaka uliopita. Kwa kila usiku andika ni vitanda vingapi vililaliwa, usikadirie. Kitanda kimoja kikilaliwa usiku mmoja, tunahesabu malazi 1. Tuchukue mfano wa kituo chenye vitanda 80 nje ya Njoro, Nakuru. Kwa siku 365 kina uwezo wa malazi 29,200. Tuseme kambi za likizo zilikijaza wiki 7, usiku 6 kila wiki: malazi 3,360. Wikendi 30 za muhula, usiku mbili mbili, wastani wa watu 50: malazi 3,000. Jumla ni 6,360, yaani asilimia 22 hivi. Kwa kila vitanda vitano, vinne havikulaliwa.

Hii inatokana na kalenda yetu ya shule hapa Kenya. Marekani, ambako kambi za watoto za likizo zilianza karne ya 19, shule hufungwa kwa likizo moja ndefu kati ya Juni na Agosti. Kwetu likizo imegawanyika: wiki chache za Aprili, chache za Agosti, kisha ile ndefu ya Novemba na Desemba, ambayo nayo hukatwa na Krismasi na hofu ya karo ya Januari. Aprili ni masika. Bungoma, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na usitarajie familia iliyo na mtahiriwa nyumbani ipeleke watoto kambini wiki hizo. Mpango uliotolewa kwenye kitabu cha Wamarekani bila kubadilisha kalenda hautafika mbali huku.

Na wale wanaofikiria kuziba pengo kwa kuuza "kambi za masomo" wakumbuke kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Kuyaita kambi hakubadilishi kitu.

Sasa tulinganishe. Bweni la vitanda 40 litasaidia zile usiku 42 tu ambazo kituo kilijaa. Tena vitanda 40 si watoto 40. Chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, kinapendekeza mlezi mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14 wanaolala kambini, mmoja kwa 6 walio wa miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa 10 wa miaka 15 hadi 18. Watoto 35 wa darasa la tano wanahitaji walezi 5, na walezi hulala. Kwa hiyo ni watoto 35 mara usiku 42, malazi 1,470. Ikiwa kila mtoto analipa shilingi 1,500 kwa siku, na chakula, maji, kuni na vibarua ni 900, kinachobaki ni 600. Mwaka mzima ni shilingi 882,000, kabla ya kuwalipa walezi hao watano na kabla ya deni la mawe.

Upande wa pili, vikundi vya watu wazima 40 vikija usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano kwa wiki 20 za muhula, hayo ni malazi 2,400. Hata ukiwapunguzia bei hadi 1,300 na kubaki na 400 tu, ni shilingi 960,000. Msingi haujachimbwa.

Wateja hao wapo: sacco, walimu wakuu, wahudumu wa afya ya jamii, wachungaji, mashirika, idara za kaunti. Lakini hawakubali kile ambacho watoto wanakubali. Mwalimu mkuu wa miaka 52 hapandi kitanda cha juu. Pesa za awamu ya kwanza ziende kwenye kugawa bweni moja kuwa vyumba vya watu wawili wawili, meza za ukumbini, umeme wa akiba, intaneti isiyokatika na mahali pa kuegesha magari. Tahadhari moja kwa wanaotegemea ofisi za umma: malipo huweza kukaa miezi. Usichukue semina za serikali zaidi ya zile ambazo kituo kinaweza kulisha kwa pesa zake hadi hundi itoke.

Foleni ya bafu

Ikiwa hesabu imeonyesha kwamba vitanda vinahitajika kweli, bado si vya kwanza kujengwa. Kinachozuia kituo kukua ni kitu kidogo kinachoisha kabla ya vitanda kuisha.

Chukua asubuhi ya kawaida. Wasichana 60, bafu 4, kila mmoja dakika 5. Hiyo ni saa nzima na robo, kwa hiyo chai ikiwa saa 1 asubuhi, wa kwanza aoge saa 12 kasorobo. Ongeza wasichana wawe 100 bila kuongeza bafu: foleni inakuwa saa 2 na dakika 5, na wa kwanza anaamshwa kabla ya saa 11 alfajiri. Watoto waliolala saa 4 usiku wakitoka kuimba kando ya moto wataanza kusinzia kipindi cha pili, na mwalimu atalaumiwa kwamba hajui kufundisha. Kwa vyoo, viwango vya shule za Kenya ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Kambini weka tundu moja kwa watoto 15, kwa sababu wote huamka pamoja na kula pamoja.

Maji yahesabiwe kwa siku iliyojaa, si kwa wastani. Watu 120, lita 60 kila mmoja kwa kuoga, choo, kufua kidogo na jikoni: lita 7,200. Pampu huharibika Ijumaa jioni, fundi na kipuri hupatikana Jumatatu. Siku tatu ni lita 21,600, hivyo matangi 3 ya lita 10,000 yanatosha, mawili hayatoshi.

Nakuru ina jambo lake. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na kiwango cha juu kinachokubalika katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Pima kisima kabla ya kuweka pampu. Kuchemsha hakupunguzi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, inakolea zaidi. Njia rahisi ni kutenganisha: kisima kwa bafu na vyoo, mvua kwa kunywa na kupika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la ukumbi la mita 300 za mraba, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, ni lita 216,000. Kunywa na kupika ni lita 5 kwa mtu, 600 kwa watu 120. Paa moja linatosha karibu siku zote za mwaka, mradi una matangi ya kuyahifadhi kwa ajili ya Januari na Februari, na mfereji wa kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Udongo nao una neno. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Shimo la kunyonya majitaka halinyonyi, hufurika mvua kubwa ikinyesha wakati kambi imejaa. Huko tenga eneo la mabwawa au kitanda cha matete cha kusafisha majitaka, mbali na kisima.

Kiwanja kando ya maji

Wageni hupenda ziwa. Ziwa Nakuru, Baringo na Naivasha yamepanda sana kuanzia miaka ya 2010, na Ziwa Nakuru likameza hadi lango kuu la mbuga. Ziwa Victoria lilipanda sana 1964, likarudia 2020. Kabla ya kuchora ramani, waulize wavuvi na wazee maji yalifika wapi 2020, piga kigingi hapo, kisha hesabu umbali wa kisheria wa kutojenga karibu na maji kuanzia kwenye kigingi, si kuanzia ukingo wa leo. Ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi ya kilimo kutoka kaunti, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), kibali cha kisima na usajili wa mradi kwa mamlaka ya ujenzi vitangulie msingi. Kuvitafuta ukuta ukiwa umefika lenta ni kujitafutia hasara.

Kambi ya Kisumu, Siaya au Homa Bay iondoe kwenye ratiba kucheza majini kando ya ziwa. Kichocho huingia kupitia ngozi mtoto akisimama kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, hata dakika chache. Safari ya mashua inafaa, kila mtu akiwa na jaketi okozi inayomtosha.

Malaria ndiyo inayosahauliwa na wanaopanga wakiwa Nairobi. Chandarua kwa kila kitanda, na hapo dabo deka husumbua: cha juu kining'inizwe kwenye ndoano ya dari, cha chini kifungwe kwenye mbao za kitanda cha juu na ncha zake zifike chini ya godoro pande zote. Usiponunua ndoano, chandarua kitakuwa mto wa kulalia. Mtoto wa Nakuru au Nairobi aliyeumwa na mbu kambini kwa kawaida huugua wiki moja au mbili baadaye, akiwa nyumbani, na mzazi hudhani ni homa ya baridi. Kila mzazi apewe karatasi siku ya kurudi: homa yoyote ndani ya mwezi mmoja, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo na daktari aambiwe alikuwa ukanda wa ziwa.

Kakamega, Nandi na Kisii, ngurumo za alasiri ni za kawaida. Panga michezo ya nje asubuhi, na ngurumo ikisikika wote waingie kwenye jengo hadi dakika 30 zipite tangu ya mwisho. Hema chini ya mti mrefu zisiwepo.

Bweni lenyewe, likifikiwa, lifuate kanuni za usalama za shule: milango yenye upana usiopungua futi 5, inayofunguka nje, kwenye ncha zote mbili na mmoja wa dharura katikati, mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Madirisha bila vyuma. Kumbuka, mita hizo ndizo zinazoamua idadi ya vitanda.

Watu na pesa

Wanafunzi wa Egerton, Maseno na Masinde Muliro ni walezi wazuri, ila kalenda ya chuo kikuu haifuati ya shule. Orodha ya Agosti ianze kutafutwa Machi, mara mbili ya idadi inayohitajika. Kila mmoja awe na cheti cha maadili mema, na wapishi wawe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi 6. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, mchana wala usiku. Hilo linamaanisha walezi wawili kila bweni, nao wawemo kwenye bajeti. Fomu za afya za watoto ni siri chini ya sheria ya data ya 2019, zisibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kikundi kikisema watu 100 kikaja na 62, chakula cha 38 kimeshanunuliwa. Mkataba uwe na arbuni ya nusu wakati wa kuhifadhi tarehe, na idadi ya mwisho siku 7 kabla. Wakipungua wanalipia idadi hiyo hiyo. Makanisa hulalamika mwaka wa kwanza, kisha huzoea.

Mwisho, godoro la kambi likidumu miaka 5, vitanda 80 vinahitaji magodoro mapya 16 kila mwaka, na vitanda 120 vinahitaji 24. Yaandikwe kwenye bajeti ya mwaka huu, pamoja na rangi, mabomba na kuvuta tangi la majitaka, kabla kamati haijapiga kura kuhusu bweni.