Mafuta ya karafuu na mashine ya maabara: mambo tunayoamini na siyo

Mtu anatoka Wete, Pemba, mpaka mjini na kichupa chake cha mafuta ya karafuu, anaingia maabara anasema "nipimieni humu mna nini", basi anakaa kitako anasubiri. Mie kazi yangu ndo hii na watu hawa nawaheshimu sana manake wanajali mali yao, lakini suali hilo mashine hailijui.

Wengi wanaamini ile mashine ya gesi kromatografia, inayotenganisha vitu vilivochanganyika, inaona kila kitu. Siyo. Inavofanya kazi, tone dogo kabisa, kama mikrolita 1, linapigwa kwa sindano kwenye sehemu ya moto likawa mvuke, gesi ya heliamu inausukuma mvuke ule ndani ya mrija ulozongwa kama koili, mara nyingi una urefu wa mita 30 na tundu lake robo milimita, na kila kitu kinatokeza mwisho kwa wakati wake, kompyuta inakichorea kilele, kama kilima kwenye mchoro. Kwa hiyo kinachoonekana ni kile kilichokubali kuwa mvuke tu. Chumvi haiwi mvuke, madini ya risasi hayawi, na mafuta ya kupikia kwa joto lile hayawi, yananata mwanzoni hukohuko.

Hapo ndo pa hatari jamani. Kompyuta inajumlisha vilele vilivotoka na jumla yake inaiita asilimia 100. Sasa mtu akitia robo nzima ya mafuta ya kupikia, karatasi ya majibu inaweza bado kusoma yujenoli, ile kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, asilimia 80 na kitu vilevile, kama sampuli haikupimwa mizani ikalinganishwa na stenda, yaani sampuli ya kulinganishia ambayo kiasi chake kinajulikana. Namba ile si ya uongo, ni jibu la suali jengine.

Kuna wanaosema basi tone kwenye maji linatosha, ya kweli yanazama. Nayo siyo. Mafuta safi yana kama gramu 1.05 kwa mililita, ya kupikia kama 0.92, changanya tatu robo kwa robo unapata 1.02 hivi na maji ni 1 tu, kwa hiyo yanazama na wizi wake ndani.

Kinachomkamata huyu aliyetia mafuta ya kupikia ni kitu rahisi mno: spiriti ya asilimia 70. Kipimo kimoja cha mafuta kwa viwili vya spiriti, ya karafuu yanayeyuka yote panakuwa peupe kama maji safi, yakiwa na ya kupikia panaingia ukungu yanajitenga. Au tone kwenye karatasi ya kuchujia, kesho yake utizame kama pana doa la grisi. Ila aliyechanganya kitu kinachoyeyuka kwenye spiriti atapita hapo, na huyo sasa ndo wa kupelekwa kwenye mashine.

Jengine, ati yujenoli ikizidi ndo mafuta bora. Mafuta ya makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, kama yanayokamuliwa kwa mvuke pale Wawi, Pemba, kwa kawaida yana yujenoli nyingi kuliko ya karafuu yenyewe, na bado ya karafuu ndo yenye bei, kwa sababu yana yujenili asiteti, kemikali nyengine, nyingi zaidi na harufu yake imekamilika. Asilimia kubwa kwenye chupa iloandikwa karafuu inaweza kuwa ndo dalili ya kwamba umeuziwa makonyo.

Na wanaodhani bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za kipimo, ni kitu cha skuli tu, wajue madini joto kwenye chumvi mpaka leo yanapimwa kwa titresheni, yaani unadondosha dawa ya thayosalfeti kidogo kidogo, pamoja na wanga, rangi ya buluu ikipotea unasoma umetumia kiasi gani. Ikifanywa kwa mkono uliotulia ni kipimo cha kuaminika kabisa. Na karatasi ikisema "haikuonekana" isomwe vizuri, maana yake iko chini ya kiwango ambacho mashine ile inaweza kukiona, haina maana haipo.

Ukija maabara njoo na chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, usitie kwenye chupa ya maji ya plastiki manake mafuta haya yanaila plastiki kisha tunaipima na hiyo. Na kwenye pipa usichote juu juu, mafuta ya karafuu mazito, kama mna maji yamebaki yanakaa juu, watu wanatuletea maji kutoka mbali.