Kitufe Ambacho Hakipo

Ramani kwenye skrini imefunikwa na giza totoro. Unasogea, giza linafunguka, na mchezo unakupongeza kwa kugundua ardhi mpya. Mara unakutana na watu waliokuwapo hapo siku zote. Chini ya sura zao kuna vitufe vitatu: nunua, shambulia, ondoka. Kitufe cha kuomba ruhusa hakipo.

Hapo ndipo ufeministi na fikra za baada ya ukoloni, yaani zile zinazochunguza athari za ukoloni, hukutana katika kuchambua masimulizi shirikishi ya kidijitali, yaani hadithi ambazo msomaji au mchezaji hujichagulia njia. Hadithi hizi husifiwa kwa kumpa mtu uhuru, lakini kila njia ameiandika mtu fulani kwa macho yake. Ndiyo maana kumfanya shujaa awe mwanamke, huku vitufe vikibaki vilevile, kwangu ni kupaka rangi nyumba yenye nyufa.

Mwaka 1995 mwandishi Shelley Jackson aligusa msingi wenyewe katika hadithi yake ya kidijitali, Patchwork Girl. Katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818, mwanasayansi Frankenstein anaanza kumuumba mwanamke, kisha anamrarua kabla hajapumua. Jackson akampa pumzi na sauti. Mwili wake umeungwa kwa viungo vya watu mbalimbali, na kila kiungo kina habari za mwenyewe wa awali. Hakuna mpangilio mmoja wa kusoma. Wewe unabofya, unaunganisha, unashona.

Tangu 2009 ipo pia Twine, programu ya bure inayomwezesha hata asiyejua kuandika msimbo kutunga hadithi ya namna hii. Wanawake wengi wameitumia kusimulia mambo ambayo kampuni kubwa za michezo hazikuyagusa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mchezo wa Never Alone wa 2014. Baraza la kikabila la Cook Inlet, huko Alaska, lilishirikiana na watengenezaji wa michezo, na wazee na watambaji wa Wainupiat, wenyeji asilia wa huko, wakahusishwa katika kuuunda. Shujaa ni binti, Nuna, na mwenzake ni mbweha mweupe. Njiani unafungua video fupi ambamo wenyeji wanaeleza maisha yao kwa vinywa vyao. Msimulizi hutamba kwa lugha ya Iñupiaq tangu mwanzo hadi mwisho, na mgeni husoma tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini.