Tangawizi yako haifiki, Mwalimu

Wiki hii huyu ni mwalimu wa tatu aliyekaukiwa sauti. Anatoa chupa ya chai mkobani, anaiweka mezani kwangu kama kidhibiti cha polisi: tangawizi, asali, ndimu. "Daktari, nakunywa tangu muhula uanze, sauti haifunguki."

Haitafunguka. Unachomeza kinashuka kwenye umio, njia ya chakula. Nyuzi za sauti ziko ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kwenye njia ya hewa, na ukimeza njia hiyo inajifunga. Tone la tangawizi likipenya huko hutapona, utapaliwa. Maji kunywa sana, ila nayo yanapitia tumboni na kwenye damu kwanza. Kujifukiza walau mvuke unafika. Kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakihusiki na sauti kukauka, msikikate. Tuendelee.

Kinachonichosha ni wagonjwa kunong'ona wakidhani wanapumzisha sauti. Mwalimu huyu ana darasa la tatu, watoto 90 na ushee, bati bila dari. Mvua ikinyesha anashindana nayo. Nyuzi za mwanamke akiongea kawaida zinakutana mara 200 hivi kwa sekunde. Akipiga kelele zinagongana kwa kishindo. Nilimpitishia kamera puani, kwenye skrini nikamwonyesha vinundu viwili juu ya nyuzi hizo, vimetazamana, palepale zinapogongana zaidi. Sugu tu, kama za mshika jembe. Akaninong'oneza: "Ndiyo maana nazipumzisha."

Nikamwambia anong'one hivyo hivyo, kamera ikiwa bado puani. Nyuzi hazikutetema, kweli. Lakini nyama za juu yake zilijibana mpaka zikakaribia kuzifunika. Hayo ndiyo mapumziko! Wengi ninaowachungulia wako hivyo, hasa wakinong'ona kwa nguvu ili wasikike. Ila si wote. Wapo wanaolegea kabisa, na bila kamera siwezi kukuambia wewe ni yupi. Basi nyamaza, au ongea taratibu kwa sauti yako mwenyewe na mtu aliye karibu.

Unyamaze siku ngapi? Hata baada ya upasuaji hatukubaliani: mwenzangu anasema 3, mimi 7, na hakuna kati yetu mwenye hoja ya kumnyamazisha mwenzake. Kwa vinundu hivi sikimbilii kisu, naanza na mazoezi ya sauti. Mkwaruzo ukipita wiki 3, njoo tuangalie. Si kila mkwaruzo unatokana na sugu kama hizi.

Nimemwambia pia aache kuwaita watoto kwa kelele. Apige makofi mawili, wajibu kwa makofi ya kilo, wanyamaze. Anasema mwalimu wa chumba cha pili atalalamika. Alalamike, sauti anayo.