Homa ya mtoto baada ya matembezi ya kipupwe: maswali tunayoulizwa Kigoma

Likizo ya Juni ikianza, wazazi wa Kigoma mjini na Ujiji hutoka na watoto. Wengine hupanda vilima vya Bangwe kutazama ziwa, wengine hupanda boti Kibirizi kwenda Gombe kuona maporomoko ya Kakombe, na wengine huenda kumsalimia bibi Manyovu na kuzunguka milimani. Ni jambo jema. Tatizo ni siku zinazofuata, pale mtoto anapoletwa zahanati akiwa hoi, na ukiuliza homa ilianza lini unajibiwa: "Juzi, dokta. Tulidhani ni baridi ya huko." Hiyo juzi ndiyo inayotuumiza, na ndiyo sababu ya kuandika majibu haya.

Kumtembeza mtoto wakati wa baridi ni hatari?

Hapana. Kuanzia Juni hadi Agosti njia ni kavu, hazitelezi kama za masika, na asubuhi jua halijawa kali. Njia ya saa moja kwenda na kurudi inamfaa mtoto wa miaka minne au mitano. Mvalishe sweta anayoweza kuivua jua likipanda, na viatu vya kufunga, si kandambili. Beba maji yaliyochemshwa na umpe kila mnapopumzika, kwa sababu kwenye ubaridi mtoto hasikii kiu. Maji ya kijito ni ya kutazama tu, hata yawe maangavu namna gani.

Nitajuaje kuwa ni homa, si joto la kukimbia?

Homa ni joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani. Kama huna kipimajoto, mguse tumboni na shingoni kwa mgongo wa mkono wako. Aliyetoka kukimbia mkalishe kivulini, mpe maji, subiri nusu saa. Akibaki wa moto, hiyo ni homa.

Alipigwa na upepo mlimani. Si ndiyo baridi imemwingia?

Hapana. Mtoto aliyeingiwa na baridi kweli mwili wake hupoa: vidole vya baridi, midomo imepauka, anatetemeka. Ukimpa nguo kavu na uji wa moto anarudi sawa. Baridi haimpandishi mtoto joto la mwili likalala naye hadi asubuhi. Kutembea nako kunaweza kumwachia maumivu ya miguu, lakini hakuleti homa. Ukisikia mtu anasema "homa ya uchovu" juu ya mtoto wa Kigoma, mwitikie kwa heshima kama ni mkubwa wako, kisha mbebe mtoto ukapime malaria. Siku hiyo hiyo.

Mbona huko tulikokwenda hatukuona mbu hata mmoja?

Kwa sababu mbu mwenyewe alikuwa nyumbani kwenu. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Akishaacha vimelea mwilini, vinakwenda kwanza kwenye ini, vinazaliana kimyakimya, ndipo vinamwagika kwenye damu na homa inaanza. Kwa kawaida hapo zimepita siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo homa ya leo imetokana na usiku wa wiki iliyopita au ya juzi yake, pengine ule usiku chandarua kilipokunjwa kwa sababu "kipindi hiki hakuna mbu". Wapo. Mvua za huku zinakoma kama mwezi Mei na madimbwi yanabaki. Matembezi yenu yameangukia tu katikati, nayo yanabeba lawama isiyo yake.

Na huu si mkoa wa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchi nzima: karibu mtoto 1 kati ya 4 walio chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Jirani zetu wa Tabora nao wanaijua hali hii vizuri.

Nilimpa paracetamol, homa ikashuka, akacheza. Si amepona?

Hajapona. Paracetamol inashusha joto, kimelea haikigusi. Saa chache mtoto anachangamka, anaomba ugali, mama anapumua. Usiku joto linarudi, anapewa tena, linashuka tena. Hivyo ndivyo siku ya pili na ya tatu zinavyopita huku damu inaliwa. Anapofika kwetu viganja ni vyeupe na kichwa hakisimami. Mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, sawa, lakini iwe ya kumsaidia wakati mko njiani kuja kupima. Na tafadhali, kile kipande cha diklofenaki, dawa ya maumivu ya baba, kiacheni kwa baba.

Dawa mseto za malaria zilizobaki kwa kaka yake nazo si matibabu. Dozi inaenda kwa uzito, mara sita ndani ya siku tatu: ya pili baada ya saa 8, zinazofuata asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazobaki, pamoja na chakula au maziwa. Anamaliza zote hata kama kesho yake anaruka kamba.

Nimfunike ili atoe jasho?

Usimfunike. Nafungua kitenge nakuta sweta, chini yake sweta nyingine, kofia ya sufu imefungwa hadi kidevuni, na shingo ya mtoto inawaka. Mvue, abaki na nguo moja nyepesi, mpe vya kunywa.

Anakohoa na anahema haraka. Bibi anasema ni kimeo.

Kimeo hakikatwi. Kukata kimeo kunaleta damu nyingi na maambukizi, na kikohozi kinabaki palepale. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo huenda ni nimonia. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, usimalize hata kuhesabu. Njoo.

Akipata degedege, ni kweli sindano itamuua?

Si kweli. Katika homa ya malaria, degedege ni dalili kuwa ugonjwa umekuwa mkali, na dawa yake ya mwanzo, artesuneti, hutolewa kwa sindano. Kinachotokea ni hiki: mtoto anafukizwa kwanza, anazungushwa kwa waganga, analetwa amechelewa, anachomwa sindano akiwa ukingoni, anafariki, na sindano ndiyo inasingiziwa. Mlaze kiubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu akiwa hajitambui. Mlete moja kwa moja.

Kipimo kimesema hana malaria. Nidai dawa hata hivyo?

Hapana. Tutatafuta kinachomsumbua: masikio, kifua, mkojo. Homa ikiendelea siku mbili, mrudishe.

Ana mafua kidogo tu. Twende Gombe?

Msiende. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa, na yamewaua wengi humo. Pona kwanza. Mnapopanga upya, waulizeni hifadhi masharti ya umri kabla ya kulipa.

Homa ikianza usiku, tuko mbali?

Kama anakunywa na anakutambua, mpe paracetamol, mpe vya kunywa au maziwa, na kukicha muwe mlangoni kwenye zahanati ya karibu, si mpaka mrudi mjini. Kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea haamki, au amepata degedege, hakuna kusubiri kukuche: tafuteni bodaboda, boti, chochote kinachotembea. Mje na pakiti ya kila dawa mliyompa, na mtuambie mlimpa saa ngapi.